Je, Wajua? Mwana wa Likasi, Mdenmark wa James Bond na Katanga ya kwenye skrini

Ukitaja Kamatanda, mgodi wa karibu na Likasi, mtu wa Haut-Katanga huwaza shaba kwanza. Ukitaja Likasi, atakuhesabia mitaa ya Panda, Shituru na Kikula, kisha mitambo ya kampuni ya madini ya Gécamines. Sinema haimo kwenye hesabu hiyo. Lakini mji huu una historia yake kwenye skrini, tena historia yenye vioja. Likasi ilipoonyeshwa duniani, iliyoonekana haikuwa Likasi. Na mzaliwa wake alipopata jina, kwa miaka mingi aliigiza watu wa kila mahali isipokuwa kwao. Je, wajua haya?

Mwigizaji wa Cannes na wa James Bond alizaliwa Likasi

Marc Zinga alizaliwa Likasi mwaka 1984, enzi ambazo nchi iliitwa Zaire na mkoa ukiitwa Shaba. Alikulia Ubelgiji, na kabla ya kuingia kwenye sinema alikuwa mwimbaji wa bendi ya muziki wa fanki, The Peas Project. Leo ni mwigizaji wa filamu, runinga na jukwaa, na jina lake linafahamika zaidi Brussels na Paris kuliko linavyofahamika kwenye barabara ya kwenda Kamatanda.

Tuzo yake ya kwanza kubwa ilitokana na mpira

Mwaka 2014 ilitoka filamu ya Benoît Mariage iitwayo Les Rayures du zèbre. Zinga anacheza Yaya, kijana wa Abidjan anayeonwa na wakala wa soka wa Kibelgiji na kupelekwa Charleroi kutafuta maisha. Wakala huyo ni Benoît Poelvoorde, mchekeshaji mkubwa wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata Zinga alipewa tuzo ya Magritte ya mwigizaji chipukizi bora wa kiume. Tuzo hizi, zenye jina la mchoraji René Magritte, ndizo za juu kabisa katika sinema ya Ubelgiji inayotumia Kifaransa, na zilianza kutolewa mwaka 2011. Kwa hiyo mzaliwa wa Likasi aliheshimiwa Ubelgiji kwa kumwigiza Mwivori.

Mwaka 2015 ulimkuta kila mahali

Mwaka huohuo aliteuliwa kuwania César, tuzo kuu ya sinema ya Ufaransa, katika kundi la chipukizi wa kiume. Filamu ilikuwa Qu'Allah bénisse la France!, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, ambamo rapa Abd al Malik anasimulia ujana wake katika mtaa wa Neuhof mjini Strasbourg. Wazazi wa rapa huyo wanatoka Kongo-Brazzaville, kwa hiyo mtoto wa Kongo moja alikuwa akimwigiza mtoto wa Kongo nyingine. César ilikwenda kwa Kévin Azaïs. Lakini mwezi Mei filamu nyingine aliyomo Zinga, Dheepan ya Jacques Audiard, ikatwaa Palme d'Or, tuzo ya juu ya tamasha la Cannes. Mwaka haujaisha, akaonekana kwenye Spectre ya Sam Mendes katika uhusika mdogo wa Moreau. James Bond alikuwa Daniel Craig.

Katika Spectre hiyohiyo yumo Mdenmark wa filamu tatu

Jesper Christensen alizaliwa Copenhagen mwaka 1948. Wapenzi wa Bond wanamjua kama Mr. White, bwana wa maneno machache anayetumwa na genge lisilojulikana. Alianza kwenye Casino Royale mwaka 2006, akarudi katika Quantum of Solace mwaka 2008, na Spectre ikammaliza mwaka 2015. Kwao Denmark wanamheshimu kwa kazi za aina nyingine kabisa. Mfano ni Bænken ya mwaka 2000, ambamo anacheza mzee aliyelewa maisha yake yote mpaka yakamponyoka. Mwongozaji wa filamu hiyo ni Per Fly. Lishike jina lake, tutakutana naye tena chini.

Na lile jumba la fahari la Roma ambako genge la Spectre linafanyia mkutano? Kwa nje, hilo ni jumba la Blenheim, lililoko Uingereza.

Lugha ndogo, waigizaji wakubwa

Kidenmark kinasemwa na watu wapatao milioni 6, idadi ambayo Kiswahili kiliipita zamani sana. Soko la namna hiyo peke yake lisingeweza kulisha sinema. Kinachoilisha ni serikali: chuo cha filamu cha taifa kilianzishwa mwaka 1966, na Taasisi ya Filamu ya Denmark mwaka 1972, na fedha za umma huingia katika filamu nyingi za huko. Ndiyo maana mwigizaji wa Denmark anaweza kuigiza kwa lugha ya mama yake mwaka mzima, kisha akavuka kwenda kucheza kwa Kiingereza bila kuhama kwao. Mads Mikkelsen, aliyekuwa mcheza dansi kabla ya filamu yake ya kwanza, Pusher ya mwaka 1996, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume Cannes mwaka 2012 kwa filamu ya Kidenmark, Jagten. Hollywood ilikuwa imeshamjua tayari.

Wadenmark wawili walifika Mbale bila kufika Uganda

Mapema katika Casino Royale yanatokea maandishi yanayosema tuko Mbale, Uganda. Mvua inanyesha msituni. Mr. White, yaani Christensen, anamtambulisha mwenye fedha zake kwa kiongozi wa waasi aitwaye Obanno. Mwenye fedha huyo ni Le Chiffre, na anayemcheza ni Mads Mikkelsen. Obanno ni Isaach de Bankolé, mzaliwa wa Ivory Coast. Kwa hiyo Wadenmark wawili na Mwivori mmoja walisimama "Uganda". Mbale ya kweli iko chini ya mlima Elgon. Mbale ya filamu ilipigwa katika bustani ya Black Park, magharibi mwa London. Madagascar ya filamu hiyohiyo ni Bahamas.

Mdenmark huyohuyo aliwahi kuwa katika filamu yenye lugha iliyotokana na Kiswahili

Mwaka 2005 Christensen alicheza kwenye The Interpreter ya Sydney Pollack, kuhusu mkalimani wa Umoja wa Mataifa, aliyeigizwa na Nicole Kidman, anayesikia njama ya kumuua rais wa nchi ya Kiafrika. Nchi hiyo, Matobo, haipo. Lugha yake, Ku, nayo haikuwepo mpaka ilipotungwa na Said el-Gheithy, mkuu wa kituo cha kufundishia lugha za Kiafrika jijini London, kwa kuchanganya hasa Kiswahili na Kishona. Ndiyo maana msikilizaji wa Likasi au Tanga anahisi karibu ataelewa, kisha haelewi. Hiyo pia ndiyo filamu ya kwanza kuruhusiwa kupigwa ndani ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa New York.

Mdenmark maarufu kuliko wote katika sinema za Kenya hakuchezwa na Mdenmark

Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, aliigizwa na Mmarekani Meryl Streep katika Out of Africa ya mwaka 1985. Mumewe, mwungwana wa Kiswidi, aliigizwa na Klaus Maria Brandauer wa Austria. Farah, msimamizi wake Msomali, aliigizwa na Malick Bowens wa Mali. Mwongozaji ni Sydney Pollack yuleyule wa lugha ya Ku. Filamu ilizoa Oscar saba. Angalau vilima vilikuwa vya Kenya kweli.

Mji wa Likasi ulipata filamu yake, ikapigwa Afrika Kusini

Kabla ya mwaka 1966 Likasi iliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni za migodi. Septemba 1961, wakati Katanga ya Moïse Tshombe imejitenga, kombania moja ya wanajeshi wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa ilizingirwa hapo kuanzia tarehe 13 hadi 17. Walikuwa zaidi ya watu 150, wakiongozwa na Pat Quinlan. Waliowazingira walikuwa askari wa Katanga na mamluki wa Kizungu, wakisaidiwa na ndege moja ya kivita aina ya Fouga Magister. Vikosi vya kuwaokoa vilikwama kwenye daraja la mto Lufira, njia ya kutoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Helikopta ya Umoja wa Mataifa ilifika na maji, lakini yalikuwa yamewekwa kwenye madumu yaliyokuwa na petroli. Risasi zilipoisha na koo zilipokauka, Quinlan alisalimu amri. Hakuna mtu wake hata mmoja aliyekufa; watano walijeruhiwa.

Kwao Ireland walipokewa kimya, kana kwamba kusalimu amri kulikuwa aibu. Quinlan alifariki mwaka 1997 bila heshima yake kurudishwa. Mwaka 2016 ikatoka The Siege of Jadotville, iliyoongozwa na Richie Smyth, Jamie Dornan akiwa Quinlan, Guillaume Canet akiwa kamanda wa mamluki, na Danny Sapani, Mwingereza, akiwa Tshombe. Mwaka huohuo serikali ya Ireland iliipa kombania nzima sifa rasmi, na mwaka 2017 ikatoa medali maalumu yenye jina la Jadotville.

Jadotville ya filamu hiyo iko Afrika Kusini. Watengenezaji wa filamu hukimbilia huko kwa sababu za kawaida tu: serikali hurudisha sehemu ya gharama, mafundi wa taa na kamera wapo, vifaa vinakodishwa papo hapo, na kampuni za bima hazikunji uso. Udongo mwekundu na mabati vinapatikana popote kusini mwa Afrika. Mtazamaji wa Dublin hawezi kujua tofauti. Wa Kamatanda atajua.

Katibu Mkuu wa filamu hiyo aliigizwa na mtu yuleyule mara mbili

Katika The Siege of Jadotville, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, anachezwa na Mswidi Mikael Persbrandt. Mwaka 2023 Persbrandt alimcheza tena katika filamu iitwayo Hammarskjöld, na aliyeiongoza ni Per Fly, yule Mdenmark wa Bænken. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Persbrandt alikuwa daktari wa kambi ya wakimbizi barani Afrika katika Hævnen ya Susanne Bier, filamu ya Denmark iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Sehemu za kambi zilipigwa Kenya. Mdenmark mwingine, Mads Brügger, aliirudia ajali ya Ndola katika filamu ya uchunguzi, Cold Case Hammarskjöld, mwaka 2019. Ukiangalia vizuri, Denmark imekuwa ikizunguka mpaka wa Katanga kwa miaka mingi.

Lumumba alifungwa Likasi, na mzaliwa wa Likasi akawa Lumumba

Januari 1960 mahakama ya Stanleyville, Kisangani ya leo, ilimhukumu Patrice Lumumba kifungo cha miezi sita kwa kuchochea ghasia. Akapelekwa kwa ndege hadi Katanga, kwenye gereza la Jadotville. Hakukaa. Huko Brussels mkutano wa meza duara ulikuwa umeanza, na wajumbe wa Kongo walimtaka awepo. Siku chache baadaye akatolewa na kupelekwa Ulaya, na mkutano ukapanga uhuru uwe tarehe 30 Juni 1960. Mwaka haukutimia tangu atolewe gerezani: tarehe 17 Januari 1961 alirudishwa Katanga kama mfungwa na kuuawa nje ya Elisabethville.

Mwaka 2013, katika ukumbi wa TNP wa Villeurbanne karibu na Lyon, Christian Schiaretti aliongoza Une saison au Congo, tamthilia ya Aimé Césaire wa Martinique iliyochapishwa mwaka 1966. Aliyevaa miwani ya Lumumba alikuwa Marc Zinga. Mji uliomfungia Lumumba mlango ndio uliomzaa mtu wa kumpa sauti kila usiku mbele ya Wafaransa. Mwaka 2017 Schiaretti alimwita tena kwa tamthilia nyingine ya Césaire, La Tragédie du roi Christophe, awe mfalme Henri Christophe wa Haiti.

Mwaka huohuo alikuwa Mguinea aliyepigania Ufaransa

Katika Nos patriotes ya Gabriel Le Bomin (2017), Zinga ni Addi Bâ, mwanajeshi aliyezaliwa Guinea. Wajerumani walimteka mwaka 1940, akatoroka na kujificha katika milima ya Vosges, akasaidia kuunda moja ya makundi ya kwanza ya wapiganaji wa msituni huko. Walimpiga risasi mjini Épinal tarehe 18 Desemba 1943. Medali yake ya upinzani ilitolewa mwaka 2003, miaka 60 baadaye.

Katanga ya filamu ya Lumumba ni Zimbabwe na Msumbiji

Raoul Peck wa Haiti alipotengeneza Lumumba, iliyotoka mwaka 2000, Kongo ilikuwa vitani. Kamera zikapelekwa Zimbabwe na Beira. Lumumba alikuwa Eriq Ebouaney, Mfaransa wa asili ya Kamerun. Waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, aliigizwa na mchekeshaji Dieudonné Kabongo, Mkongo wa Ubelgiji. Munongo halisi alikuwa wa ukoo wa Msiri, mfalme wa Bunkeya, ambaye watu wake walitoka upande wa Tabora. Misafara ya biashara ya zama hizo ni miongoni mwa njia zilizokileta Kiswahili Katanga. Kabongo alifariki mwaka 2011 akiwa kazini, jukwaani.

Hatimaye Zinga akacheza kwao

Filamu ni Augure, inayojulikana pia kwa jina la Omen. Mwongozaji ni Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyeanza kama rapa wa kundi la Starflam huko Liège. Sehemu ya filamu ilipigwa Lubumbashi kwenyewe, na Kiswahili kinasikika pamoja na Kifaransa na Kilingala.

Zinga ni Koffi, mwanamume aliyezaliwa na alama usoni. Kwa alama hiyo, ukoo ulimwita mchawi na kumtenga. Baada ya miaka mingi Ubelgiji anarudi na mchumba wake Alice, Mzungu mwenye mimba, ili amtambulishe na kutoa mahari kama inavyotakiwa. Kabla ya safari ananyoa nywele zake nyingi na kujikumbusha Kiswahili, awe mtoto mwema. Baba, mtu wa mgodini, haonekani. Nyumbani, jamaa wamejaa uani. Koffi anapakata kichanga cha ukoo. Ghafla damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto. Ni tone tu, jambo ambalo hospitali ingelimaliza kwa pamba. Lakini hapo kila mmoja ameshasoma maana yake, mtoto ananyakuliwa, na sherehe inageuka kesi. Zinga hasemi mengi katika tukio hilo. Anachofanya ni kuomba radhi kwa macho, mtu mzima aliyerudi kuwa mtoto wa miaka saba mbele ya wajomba zake. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo anamjua mtu yule.

Dada wa Koffi, Tshala, anachezwa na Eliane Umuhire wa Rwanda. Augure ilionyeshwa Cannes mwaka 2023 katika kundi la Un Certain Regard, ikapewa tuzo ya Sauti Mpya, na Ubelgiji ikaichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Baloji alitunga pia muziki wa kila mmoja wa wahusika wake wanne wakuu.

Lakini Katanga ilikuwa na nyota wa runinga ambao hawakuhama

Muda mrefu kabla ya Augure, Lubumbashi ilikuwa na kundi la Mufwankolo, lililoitwa kwa jina la jukwaani la kiongozi wake. Waliigiza kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha kambi za wafanyakazi na sokoni, redioni kwanza na baadaye kwenye runinga: ulevi, mahari, mshahara uliopotea, bosi mkorofi. Hawakuandika maneno. Walikubaliana juu ya kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akajaza mazungumzo yake papo hapo.

Mwaka 1986 mtaalamu wa mila Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, aliwauliza kuhusu msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumjibu kwa maelezo, kundi lilitunga igizo zima, wakalifanyia mazoezi na kulicheza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za runinga. Mobutu alikuwa bado madarakani, na igizo lilizungumza juu ya chifu na watu wake. Fabian alirekodi na kuandika neno kwa neno, na kitabu chake cha mwaka 1990 kimehifadhi Kiswahili hicho jinsi kilivyosemwa.

Kijana wa Kamatanda anayetamani kazi hii ana mifano miwili ya kwao. Zinga alikwenda mbali, akawa Mwivori, Mguinea na mfalme wa Haiti kabla hajaitwa kuwa Mkatanga. Mufwankolo na wenzake walianza na lugha ya uani kwao, na watazamaji wakawa tayari mlangoni. Denmark inafundisha kwamba njia hizi mbili si lazima zigombane, mradi awepo wa kulipia filamu ya lugha ya nyumbani. Na mtu wa kulipia filamu ya Kiswahili cha Likasi, ipigwe Likasi, hahitaji kutafutwa mbali sana: shaba yenye thamani kubwa inapita hapo kila siku.